Kijito cha Ihithe na Mtoto wa Mjini

Msomaji wangu, kuna vitabu ambavyo husifiwa na watu wengi kuliko wale wavisomao. Kimoja katika hivyo ni habari za maisha ya Wangari Maathai, alizoziandika mwenyewe kwa Kiingereza, zikachapishwa mwaka 2006 kwa jina la Unbowed. Jina hilo lina maana ya mtu asiyekubali kuinamishwa. Kila panapopandwa mti shuleni mwandishi huyu hutajwa. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, kisha kitabu chake hurudi rafuni kutunzwa na vumbi. Leo nataka tukishushe. Sifa zake zajulikana, wala sina haja ya kuziongeza. Nataka tukiulize swali moja: mtoto aliyezaliwa mjini, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko, ana fungu gani katika uzuri unaosimuliwa humu?

Tuanze na kurasa za mwanzo, maana kwa upande wa lugha ndizo zilizo bora. Mwandishi alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipokuwa mdogo alichukuliwa Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mzungu, na mwaka 1947 akarudi Ihithe pamoja na mama yake. Karibu na nyumbani kwao ulikuwapo mgumo mkubwa, mti wa ukoo mmoja na ule ambao Waluo wauita ng'owo. Mama yake alimwonya asiokote hata kijiti cha kuni chini ya mti huo, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Hapo karibu maji yalibubujika kutoka ardhini yakawa kijito, na kandokando yake yaliota majimbi yenye majani mapana. Mtoto Wangari alikwenda kuteka maji, akayaona mayai ya chura yakimetameta kama shanga. Alitia mikono chini yake ayanyanyue, ajifanyie mkufu wa kuvaa shingoni, na kila alipojaribu yalimponyoka yakakatika. Siku nyingine alikuta viluwiluwi wakihangaika majini, na baadaye viluwiluwi nao hawakuonekana tena; walikuwapo vyura.

Tazama jinsi alivyofanya. Hakutuambia kwamba kijito kilikuwa kizuri. Ametuambia mikono yake ilifanya nini, na kwamba ilishindwa. Mahali pengine asimulia kishamba kidogo alichopewa na mama yake, akapanda mbegu, naye kwa pupa ya kitoto akawa anazifukua kuona kama zimeota, hata akafundishwa kuziacha zijitokeze zenyewe. Mtu huyu alisomea elimu ya viumbe, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Angalitaka, angalitueleza maisha ya chura kwa istilahi za maabara tukanyamaza kwa heshima. Alichagua shanga. Kwa hukumu yangu, kurasa hizo chache zafaa kuwekwa mbele ya kila anayejifunza kuandika, awe anapenda habari za miti au hazipendi.

Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusoma insha. Katika insha hizo kila asubuhi jua huchomoza na ndege huimba. Kila kijito kina maji maangavu, na kila upepo ni mwanana. Hapana ndege mwenye jina. Ukimwuliza mwandishi ni ndege gani aliyeimba, hucheka kwa haya. Walimu tumezoea kumhukumu kuwa ni mvivu wa kufikiri, na nyekundu ya kalamu yetu humwagika juu ya karatasi yake. Mimi naona twamwonea. Mtu hawezi kudaiwa kumbukumbu ya kitu ambacho hakupewa nafasi ya kukigusa. Kijana aliyekulia kati ya mabati na lami, ambaye hata kiwanja cha shule yake kimeliwa na madarasa mapya, afanye nini isipokuwa kuazima ndege wa vitabuni? Wale aliowaazima ndio wale wale walioazimwa na waliomtangulia, ndiyo maana wamechakaa.

Usidhani kwamba nasema habari za Nairobi peke yake. Mji wa Suna, ambao wengi wauita Migori, umekaa juu ya barabara kuu itokayo Isebania mpakani kwenda Kisii na Kisumu, na mto Migori wapita humo humo mjini, ukielekea kukutana na mto Gucha na hatimaye kufika Ziwa Viktoria. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mji huu umekuwa makao makuu ya kaunti. Ofisi zimekuja, na ofisi huja na watu, na watu huja na nyumba. Mtoto wa hapa hana haja ya kusimuliwa mto. Autazama kutoka darajani akienda shuleni. Lakini kutazama si kufika. Ukingo umepata wenyewe: hapa pana ua, pale pana kiwanja kilichopimwa, mbele kidogo pana takataka. Na kwa mtoto wa kike njia ni nyembamba zaidi. Akienda mtoni huenda kwa ndoo au kwa furushi la nguo, na saa ya kurudi imehesabiwa. Wangari pia alitumwa kijitoni, tena mara nyingi, ila kitabu chaonyesha wazi kwamba katika kutumwa huko alibakiwa na muda wa kuchuchumaa na kutazama. Muda huo ni sehemu ya urithi, ingawa hauandikwi katika hati yoyote.

Sasa tufuate simulizi hadi mahali pake pa huzuni. Mwandishi alikwenda Marekani kusoma mwaka 1960, akarudi mwaka 1966. Baadaye alipokwenda nyumbani aliupata mgumo umekatwa. Mwenye ardhi mpya aliuona unachukua nafasi bure, akauangusha apande chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Mwandishi aeleza sababu kwa utulivu wa mwanasayansi: mizizi ya mti ule ilipenya mwamba chini ya ardhi na kuyapa maji njia ya kupandia, na ilizuia udongo usiporomoke, basi ile heshima ya wazee iliyokataza kuni zake ilikuwa na faida ambayo wazee hawakuhitaji maabara kuijua. Mwezi Desemba 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo, aliifunga hotuba yake kwa kijito hicho hicho, akasikitika kwamba watoto hawatajua kamwe ni kitu gani wamekipoteza.

Hapa sina budi kutofautiana naye, kwa adabu zote zimpasazo. Kauli hiyo ni ya kweli kwa mtoto wa Ihithe, aliyezaliwa baada ya kijito kukauka na hakuna wa kumwonyesha kilipokuwa. Kwa mtoto wa mjini si ya kweli. Yeye ajua vizuri sana alichokikosa, maana akiona kila siku ng'ambo ya ua. Mti uliokatwa umekatwa kwa watu wote. Mti uliozungushiwa ua, kwa mtoto wa nje, ni kama umekatwa. Kwa mtoto wa ndani ungali una kivuli na matunda na ndege. Kitabu kinalia kwa ufasaha juu ya hasara ya kwanza, lakini hasara ya pili, ambayo ndiyo ya miji yetu, hakikuikalia muda wa kutosha katika kurasa zake za utoto wala katika maombolezo yake.

Nipe nafasi nikueleze kwa nini hasara hii ya pili si ajali. Nairobi ilipangwa na wakoloni kwa rangi za watu. Wazungu walijipa vilima vya magharibi na kaskazini, penye hewa baridi na miti, na Waafrika wakawekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Leo rangi imeondoka katika sheria, ila ramani imebaki, na fedha imekalia kiti ambacho rangi ilikiacha. Muthaiga na Mathare hutenganishwa na barabara. Upande mmoja mtoto aamka katika bustani; upande wa pili mto Mathare wapita kati ya vibanda ukiwa umebeba maji machafu ya mji. Mtoto huyu naye anao mto mlangoni. Mwambie kwamba mito ni neema, atakutazama kwa mshangao.

Lakini nisikidhulumu kitabu. Kina sehemu ya pili, na sehemu hiyo ndiyo yenye jawabu la swali letu, ingawa siku za kupanda miti ni nadra kuisikia ikitajwa. Mwaka 1989 ulitoka mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, liwe na ofisi za chama kilichotawala na za gazeti lake. Bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1969, iko katikati ya Nairobi. Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi moja hadi nyingine. Bungeni alidhihakiwa, akaitwa mwanamke asiyejua mahali pake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mahali hapa ndipo watu wasio na bustani majumbani mwao huja na watoto wao siku ya mapumziko, na ukiwaondolea hapa hawana pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango uliachwa, na majani yakabaki.

Soma sura hiyo kwa makini, msomaji, uone jinsi mwandishi alivyobadilika bila yeye mwenyewe kulitangaza. Yule binti wa kijito alitetea kitu alichokipenda. Mwanamke wa Uhuru Park atetea kitu anachokipenda mtu mwingine, mtu asiyemjua jina, aliyepanda basi kutoka mtaa wa mbali. Hilo ni jambo gumu zaidi, na lugha yake hapo yaonyesha ugumu huo: ni kavu, ina tarehe na majina ya ofisi, haina shanga. Wasomaji wengine huichoka. Mimi naiona kuwa ndiyo mizizi ya kitabu.

Ili watawala waelewe, alilinganisha bustani yetu na Hyde Park ya London na Central Park ya New York. Ulinganisho ulisaidia kazi yake, ingawa mimi ningeutumia kwa hadhari. Hyde Park ilikuwa mahali pa wafalme kuwindia paa, na watu wa kawaida hawakufunguliwa milango hadi mwaka 1637. Kwa ajili ya Central Park, watu wa kijiji cha Seneca, wengi wao weusi waliokuwa wamiliki wa nyumba zao, waliondolewa mwaka 1857. Kwa hiyo hata bustani ya umma yaweza kuwa na mlango uliofungwa kwa mtu fulani, au msingi uliojengwa juu ya mtu fulani.

Jambo hilo lanipeleka Karura. Mwaka 1998 vipande vya msitu huo, ambao ni wa karibu hekta 1,000 kaskazini mwa Nairobi, vilikuwa vimegawiwa watu wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari na wenzake walikwenda kupanda mti penye lango, wakapigwa na vijana waliokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huo rais alikataza ugawaji wa ardhi ya umma. Kitabu chasimulia hayo vizuri, na msitu ukaokolewa. Yaliyofuata hayamo kitabuni, kwa kuwa yalitokea baada ya kuchapishwa: uzio ulijengwa, malango yakawekwa, na kiingilio kikaanza kutozwa. Sitaki kusema kwamba uzio ulikuwa uovu. Zamani msitu ule uliogopwa kwa sababu ya wahalifu, na leo familia hutembea humo bila hofu. Lakini fanya hesabu ya mzazi mwenye watoto 4 anayelipwa kwa kutwa. Nauli ya kwenda, kiingilio cha watu 5, nauli ya kurudi, na kitu cha kula njiani. Jumla hiyo ni chakula cha nyumbani. Kwa jirani wa Runda au Gigiri kiingilio ni senti za kusahau mfukoni. Bei ni moja kwa wote, na kwa sababu hiyo hiyo si sawa kwa wote.

Hata huku kwetu hesabu hiyo yatufuata. Katika bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120 hivi. Ndimo mlimobaki korongo, swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe, ambaye hapatikani mwituni mahali pengine popote nchini Kenya. Waulize wenzako darasani ni wangapi wamemwona. Kisha waulize wangapi wamemwona simba katika picha. Watu hutoka nchi za mbali kuja kumtazama mnyama ambaye jirani zake hawamjui, na jirani hao si wajinga. Hakuna basi la shule, na hifadhi haitembeleki kwa miguu kama sokoni.

Najua mzazi wa Suna atanipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Atasema: mwalimu, wataka wanangu waende mtoni? Mto hufurika mvua ikinyesha milimani. Huko ziwani kuna kichocho. Katika kaunti hii hii wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kuikusanya dhahabu, na zebaki ikiingia majini hudhuru ubongo wa mtoto. Afadhali acheze uani. Mzazi huyu asema kweli tupu. Lakini angalia hoja yake imesimama juu ya nini. Hatari hizo zote zina dawa inayojulikana: zebaki yaweza kuzuiwa, kichocho hutibiwa, ukingo waweza kutengenezwa na kupata mwangalizi. Dawa hizo hugharimu fedha za umma, na fedha za umma hufuata sauti. Mtoto wa mwenye nacho hupelekwa kwenye bwawa la kuogelea na mlinzi wake, kwa hiyo baba yake hana haja ya kupiga kelele juu ya mto. Yule mwingine huambiwa abaki uani, na uani penyewe ni njia ya watu 10.

Kitabu kinakosa kitu kingine, nacho ni sauti ya mtoto wa mjini mwenyewe. Tunamwona kwa mbali, akichezea majani ya Uhuru Park, mgongo wake ukiwa kwetu. Hatumsikii akisema. Simlaumu mwandishi, alieleza maisha yake, si ya mwingine. Nalaumu wale waliomfuata, ambao wameichukua hesabu ya miti wakaliacha swali la watu. Shirika lake la Green Belt, lililoanza mwaka 1977, lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30 alipopokea tuzo. Katiba ya mwaka 2010 yaitaka serikali ijitahidi miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na Desemba 2022 ilitangazwa kampeni ya kupanda miti bilioni 15 hadi mwaka 2032. Hesabu hizo ni njema, lakini hazisemi mti utaota mlangoni kwa nani. Asilimia 10 yaweza kutimia yote milimani, na mtoto wa mtaa wa mabati asiongezewe hata kivuli kimoja. Kifungu cha 42 cha katiba hiyo hiyo, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kwa afya, ndicho kilicho karibu zaidi na Uhuru Park ya mwaka 1989, nacho hakihesabiki kwa miche.

Kanuni za maji za Kenya zataka pande zote mbili za mto uachwe ukanda usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, usiolimwa wala kujengwa. Hapa Suna ukanda huo wapita katikati ya mji, kutoka mtaa wenye nyumba za mawe hadi mtaa wenye nyumba za mabati. Ukitunzwa na kuachwa wazi, upandwe ng'owo na siala, uwekewe njia ya miguu na mahali salama pa kushukia, hauhitaji lango wala tikiti. Mtoto wa kike aliyetumwa maji angepita hapo akachelewa kidogo, na Jumatatu angeniletea insha yenye ndege mmoja mwenye jina.